Dawa Isiyomchagua Adui: Wadudu Walinzi wa Mazao na Viuatilifu katika Milima ya Usambara

Makusudi ya makala haya ni kueleza jambo moja la elimu ya viumbe ambalo, kwa maoni yetu, ni jambo la lugha pia. Mkulima wa Lushoto achukuapo bomba mgongoni na kwenda kwenye kabichi zake, hasemi kwamba aenda kumwaga sumu. Husema kwamba aenda kupiga dawa. Akiulizwa ni dawa ya nini, hujibu kwamba ni dawa ya wadudu. Maneno haya mawili ni ya Kiswahili safi wala hayana kosa. Lakini yamefunika habari ambayo mkulima huyu aihitaji sana, nayo ni hii: miongoni mwa wadudu walio shambani mwake wamo wanaomharibia mazao, na wamo wanaowaua waharibifu hao, na sumu inyunyizwayo juu ya majani huyapata makundi yote mawili, na mara nyingi hulimaliza la pili kabla ya la kwanza.

Tutaanza na nchi yenyewe na mazao yake. Kisha tutaeleza habari za kiwavi mmoja wa kabichi na nyigu amwuaye, na sababu za nyigu huyo kuumia kwa sumu kuliko kiwavi. Baada ya hayo tutatoa mifano michache ya mahali pengine, na mwisho tutayarudia maneno, kwa kuwa hapo ndipo msomaji wa jarida hili aweza kutoa msaada ambao mtaalamu wa wadudu hawezi kuutoa peke yake.

Nchi na mazao yake

Wilaya ya Lushoto imo katika milima ya Usambara ya Magharibi, Mkoa wa Tanga. Mji wenyewe, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na misitu ya Magamba na Shume iko juu zaidi. Tangu zamani Wasambaa huipambanua nchi yao ya mlimani, Shambaai, na nyika iliyo chini yake, yenye joto na mvua haba. Baridi ya mlimani ndiyo iliyoifanya nchi hii kuwa bustani: hustawi humo kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya, maharage, plamu na pea. Malori hushuka na mboga kwa barabara ya Soni hadi Mombo, na kutoka huko huelekea masoko ya Tanga na Dar es Salaam.

Mashamba mengi ni madogo, nayo hulimwa mfululizo. Mvua zikikoma mitelemkoni, kilimo huendelea mabondeni penye maji, mahali ambapo Wasambaa hupaita kitivo. Msomaji atalitambua neno hilo, kwani ndilo lililochukuliwa kutaja sehemu kubwa ya masomo katika chuo kikuu, kwa maana ya mahali penye rutuba. Kilimo cha mfululizo kina faida yake kwa mfuko wa mkulima. Lakini kwa mdudu alaye kabichi maana yake ni kwamba chakula hakikatiki mwaka mzima.

Uchunguzi wa wadudu si jambo geni katika milima hii. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha chuo cha uchunguzi wa viumbe na kilimo huko Amani, Usambara ya Mashariki, na miongoni mwa wataalamu wake wa kwanza alikuwamo mtaalamu wa wanyama Julius Vosseler, aliyechunguza wadudu waharibifu wa mimea ya mashambani. Chini ya Waingereza Amani iliendelea kuwa kituo cha uchunguzi wa kilimo cha Afrika Mashariki, hata kazi hiyo ilipohamishiwa Muguga, nchini Kenya, mwaka 1948. Twataja haya ili ieleweke kwamba swali la mdudu na mmea limeulizwa Usambara kwa zaidi ya miaka mia moja. Lililobadilika ni silaha.

Kiwavi wa kabichi na nyigu wake

Katika wadudu wote walao kabichi, anayesumbua zaidi ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu ambaye wataalamu humwita Plutella xylostella. Akikunja mabawa, mgongoni huonekana alama nyeupe zenye pembe, mfano wa vito vya almasi, na kwa sababu hiyo maofisa wa kilimo humwita nondo mgongo wa almasi. Hutaga mayai juu ya jani. Kiwavi akiangua huingia kwanza ndani ya jani lenyewe, kisha hutoka na kula upande wa chini, akiacha ngozi nyembamba ya juu, hata jani likawa kama lenye madirisha ya vioo. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 100, na katika nchi za joto vizazi vyaweza kufika 20 kwa mwaka mmoja.

Mdudu huyu ana sifa nyingine iliyomfanya ajulikane ulimwenguni kote: huizoea sumu upesi. Kisiwani Java, Indonesia, ilionekana mwaka 1951 kwamba DDT haimwui tena kama mwanzo, naye akahesabiwa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mashambani kuishinda dawa hiyo. Tangu wakati huo amezishinda nyingine nyingi, moja baada ya nyingine.

Lakini kiwavi huyu ana adui ambaye hawezi kumzoea. Adui huyo ni nyigu mwembamba, mdogo kuliko punje ya mchele, aitwaye Diadegma semiclausum. Hamwumi mtu, wala hajengi mzinga katika paa. Jike hupita juu ya majani akinusa na kupapasa kwa papasi zake, na akimkuta kiwavi humchoma na kumwingizia yai moja. Kiwavi huendelea kula kwa siku chache kama kwamba hakuna lililotokea, huku buu la nyigu likikua ndani ya mwili wake. Kiwavi afikiapo kusuka kifukofuko chake, buu humaliza kumla, nalo husuka kifuko chake mle mle. Atokaye mwishowe ni nyigu mwingine, wala si nondo.

Nyigu huyu hakuwa wa Afrika Mashariki. Asili yake ni Ulaya. Katika miaka ya 1930 alichukuliwa kutoka Uingereza kwenda New Zealand. Mwaka 1950 akatolewa New Zealand na kupelekwa Indonesia. Mwaka 1985 akapelekwa Taiwan. Na kutoka Taiwan akaletwa Kenya na Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kijulikanacho kwa jina la icipe, kilichoko Nairobi. Mwaka 2002 aliachiliwa katika mashamba ya milima ya Taita. Milima hiyo ni ndugu ya Usambara, kwani yote imo katika safu moja ya Tao la Mashariki, na kabichi zake hupandwa katika baridi ile ile. Nyigu alikaa, akazaa, akaenea mwenyewe kutoka shamba hadi shamba, na viwavi wakapungua. Baadaye alipelekwa pia katika nyanda za juu za Tanzania na Uganda. Kwa kuwa hapendi joto kali, kwa nchi za chini alichaguliwa nyigu mwingine, Cotesia vestalis, aliyetolewa Afrika Kusini.

Katika safari hiyo ndefu kuna kituo kimoja ambacho hatuna budi kukitazama vizuri, nacho ni Indonesia. Nyigu alifika huko mwaka 1950 na hakufa. Lakini kwa miaka mingi kazi yake haikuonekana, maana wakulima wa milimani waliendelea kunyunyiza sumu za kila namna. Faida yake ilidhihirika katika miaka ya 1980 tu, pale baadhi ya wakulima walipoanza kutumia dawa itokanayo na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambayo humwua kiwavi aliyeila pamoja na jani na kumwacha nyigu salama. Mlinzi alikuwapo miaka yote hiyo; mwenye shamba ndiye aliyekuwa akimwua.

Kwa nini rafiki hufa kabla ya adui

Mtu aweza kuuliza: ikiwa sumu huua wote, kwa nini hasara iwe ya mkulima? Je, si wote wameondoka? Jibu lina sehemu nne.

Kwanza ni mwenendo. Kiwavi hukaa chini ya jani, na siku zake za kwanza hukaa ndani ya jani lenyewe, ambapo matone ya bomba hayamfikii kwa urahisi. Nyigu hutembea juu ya majani mchana kutwa, hugusa kila mahali, kisha hujisafisha miguu kwa kinywa chake. Hivyo huiokota sumu ambayo kiwavi ameikwepa.

Pili ni mwili. Mdudu alaye majani amezoea sumu tangu kale, kwa kuwa mimea nayo hujikinga. Ukali uliomo katika kabichi na haradali ni kinga ya namna hiyo. Ndani ya mwili wa kiwavi mna vimeng'enya vivunjavyo sumu za mimea, na vimeng'enya hivyo humsaidia kuvunja sumu za viwandani pia. Wadudu walao wadudu wenzao, kwa jumla, hawana akiba kubwa ya namna hiyo.

Tatu ni chakula. Mwindaji humfuata mwindwa. Viwavi wakifa wengi kwa mara moja, nyigu waliosalimika hawana pa kutaga mayai, nao huhama au hufa bila kizazi. Viwavi wachache waliobaki hukuta majani mengi na hakuna wa kuwafuata. Tuseme, kwa mfano tu, shamba lina viwavi 1,000, na sumu yaua 900 kati yao pamoja na nyigu wote. Mkulima hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini wale 100 waliobaki wakiwa nondo, na nusu yao wakiwa majike, kila mmoja akitaga mayai 100, mayai yatakuwa 5,000. Hata ikiwa nusu itaharibiwa na mvua na maradhi, viwavi 2,500 watakuwa shambani kabla kabichi hazijafunga, nao ni watoto wa wale walioishinda sumu.

Nne ni wadudu wengine ambao zamani hawakuwa shida. Katika shamba lisilopigwa sumu ovyo, vidukari huliwa na wale wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, na mabuu ya nzi fulani wafananao na nyuki; utitiri huliwa na utitiri wenzao; na buibui, vunjajungu na siafu huchukua sehemu yao. Hao wakiondolewa, mharibifu aliyekuwa akizuiwa kimya kimya huinuka, na mkulima hudhani kwamba amevamiwa na mdudu mpya, hali alikuwapo siku zote.

Yako pia madhara yasiyoua. Nyigu aliyepata sumu kidogo aweza kuishi, lakini hupotewa na uwezo wa kunusa au hutaga mayai machache. Aonekanapo akiruka, mtu husema kwamba hakudhurika.

Matokeo ya haya yote ni kwamba mkulima hurudi na bomba mapema kuliko alivyokusudia. Dawa ya kwanza isipotosha, huchanganya mbili au tatu. Hali hiyo imeandikwa. Uchunguzi uliofanywa na A. V. F. Ngowi na wenzake juu ya wakulima wadogo wa mboga wa Kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba asilimia 59 ya viuatilifu vilivyotumiwa vilikuwa vya kuua wadudu, na kwamba zaidi ya nusu ya wakulima walioulizwa walisema matumizi yao yanaongezeka. Kiasi cha theluthi moja walichanganya dawa katika bomba moja, na wengi walieleza kwamba walijisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa. Kwa hiyo gharama hulipwa mara tatu: dukani, shambani, na mwilini.

Mifano ya ng'ambo na ya kwetu

Habari hizi si za kabichi tu. Mwaka 1888 michungwa ya California, Marekani, ilikuwa ikifa kwa wadudu wafyonzaji wenye nta nyeupe waliotoka Australia. Serikali ilimtuma Albert Koebele kwenda Australia kutafuta adui yao, naye akapeleka mdudu mmoja mdogo mwekundu mwenye madoa meusi. Kufikia mwaka 1889 michungwa ilikuwa imepona. Yapata miaka 60 baadaye, baada ya Vita Kuu ya Pili, DDT ilipoanza kunyunyizwa katika mashamba yale, mdudu mwekundu alitoweka na wafyonzaji wakarudi kwa nguvu. Walipungua pale tu sumu ilipozuiwa na mlinzi wa zamani kurudishwa.

Nchini Indonesia jambo kama hilo lilitokea katika mpunga. Kadiri sumu ilivyozidi kumwagwa, ndivyo panzi mdogo wa kahawia afyonzaye mashina ya mpunga alivyozidi, kwa kuwa buibui na walinzi wengine walikuwa wamekwisha. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku dawa 57 za kuua wadudu zisitumiwe katika mpunga, na wakulima wakaanza kufundishwa kuwatazama na kuwahesabu wadudu wao kabla ya kuchukua bomba. Mavuno hayakuanguka.

Mfano wa tatu ni wa kwetu pwani. Katika miaka ya kwanza ya 1950, mtaalamu M. J. Way alichunguza kisiwani Unguja sababu ya minazi kupukutisha vidaka na vitale kabla ya kufikia udafu. Aligundua kwamba mkosaji ni mdudu mfyonzaji wa jamii ya kunguni, ambaye mwaka 1955 alipewa jina la kitaalamu kwa heshima yake. Tena aligundua kwamba mnazi wenye majimoto wengi huzihifadhi nazi zake. Majimoto ni wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi za mabuu yao na kukaa humo. Humfukuza yule mfyonzaji asipate nafasi juu ya kole. Lakini majimoto nao wana adui, nao ni sisimizi wadogo wa kahawia wakaao ardhini. Miaka ya baadaye wataalamu wa minazi wa Tanzania walijaribu njia ya kuweka chambo chenye sumu kidogo chini ya mnazi, kiliwe na sisimizi wale tu, ili majimoto wapate kutawala juu. Mfano huu watufaa sana, kwa sababu unaonyesha kwamba shida haiko katika sumu kwa kuwa ni sumu. Iko katika kutojua inamwendea nani.

Tena tulitazame jina lenyewe. Mdudu yule ameitwa majimoto kwa kuwa akiuma huunguza kama maji ya moto. Tumempa jina kwa maumivu atupayo sisi, wala hatukumpa jina kwa kazi aufanyiayo mnazi. Hilo latuleta kwenye sehemu ya mwisho ya hoja yetu.

Maneno dawa, mdudu na kiuatilifu

Neno dawa lilitoka Kiarabu na maana ya kitu cha kuponya. Katika Kiswahili limepanuka sana: twasema dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya. Uhusiano uonyeshwao na kiunganishi chake ni wa namna mbili zinazopingana. Dawa ya ng'ombe humponya ng'ombe. Dawa ya mbu humwua mbu. Msemaji huzijua kwa mazoea na hapotei. Lakini mkulima asemapo dawa ya kabichi na dawa ya wadudu akiwa ameshika chupa moja, maana mbili hukutana: ile ya kuponya hutangulia na ile ya kuua hufuata nyuma. Na dawa ya kuponya ikizidi kidogo, watu wengi hudhani kwamba uponyaji nao utazidi.

Neno mdudu ni pana zaidi. Hutaja nzi na nyuki, na kwa watu wengi hutaja pia buibui, nge, na hata minyoo. Tena hutaja ugonjwa wa kidole kilichovimba. Kwa wanyama wakubwa lugha yetu imepambanua vizuri mfugo na mnyama wa mwitu, kwa sababu maisha ya watu yalidai hivyo. Kwa wadudu, nyuki peke yake ndiye aliyepata heshima ya kufugwa. Wengine wote wamo katika neno moja, na neno hilo likitangulizwa na dawa, hukumu imekwisha kutolewa.

Wataalamu nao wamejaribu. Neno lililokubalika katika maandishi ya serikali ni kiuatilifu, wingi viuatilifu, nalo limeunganishwa na ua na tilifu, yaani kuharibu. Ni neno zuri kwa kuwa laingiza dawa za kuvu, za magugu na za panya. Lakini tukilichambua tutaona kwamba ladai kuwa kitu hiki huua kiharibucho, na kumbe huua kilichopo. Neno kiuadudu, ingawa ni finyu, lasema kweli zaidi. Shida nyingine ni msemo maadui asilia, utumiwao kutaja wadudu walao visumbufu. Kwa mtaalamu ni adui wa kisumbufu. Lakini mkulima aambiwapo kwamba shamba lake lina maadui asilia wengi, hatulaumu mkono wake ukitafuta bomba. Twapendekeza neno walinzi wa mazao, au mdudu mlinzi kwa mmoja, litumiwe katika mafunzo na katika karatasi za chupani, likisimama mbele ya mdudu mharibifu na mdudu mchavushaji.

Hata rangi zina usemi wao. Chupa za viuatilifu huwa na ukanda wa rangi: nyekundu, njano, buluu au kijani, kwa kadiri ya hatari. Hatari ipimwayo hapo ni ya mtu anayeishika au kuimeza. Kijani hakisemi neno lolote juu ya nyuki wala nyigu, na mkulima aionaye kijani huweza kudhani kwamba ni salama kwa kila kiumbe. Vivyo hivyo kwa dawa za mitishamba. Utupa, ambao tangu kale umetumiwa kulevya samaki, huua wadudu pia. Pareto nayo huua. Kutoka kwake katika mmea hakukuipa sumu macho ya kuchagua.

Lifaalo kutendwa

Hatusemi kwamba mkulima aache kuyalinda mazao yake. Asemaye hivyo hajalala njaa. Lipo la kutenda, nalo si gumu: kukagua majani kabla ya kuchukua bomba, na kuhesabu viwavi hai pamoja na wale waliokwisha kuchomwa na nyigu, kuchagua dawa imfuatayo kiwavi peke yake, kama ile ya Bacillus thuringiensis, kutopiga kwa tarehe tu, kutochanganya ovyo, kuacha maua yasimame kingoni mwa shamba, maana nyigu mzima hunywa maji matamu ya maua. Usimamizi wa viuatilifu nchini ulikuwa kwa miaka mingi chini ya taasisi ya utafiti ya Arusha, TPRI, na kwa sheria ya mwaka 2020 umekabidhiwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Lakini mamlaka haiwezi kusimama katika kila kitivo cha Lushoto. Atakayesimama hapo ni mkulima, na atakachoshika ni maneno aliyofundishwa.

Historia ya Usambara yatuonya juu ya kufundisha kwa amri. Mpango wa matuta ulioanza Mlalo mwaka 1946 ulikuwa na nia ya kuzuia mmomonyoko. Ukalazimishwa, ukachukiwa, na mwaka 1957 ukaachwa. Watu hawakukosa akili ya kuitunza ardhi. Steven Feierman, aliyeandika juu ya Wasambaa mwaka 1974 na tena mwaka 1990, ameeleza kwamba wao hupambanua kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Na kwamba mwenye uganga wa mvua aliaminiwa kuwa na uwezo wa yote mawili. Basi wazo la kwamba dawa moja yaweza kuponya na kuharibu, kwa kadiri ya mkono uishikao, halihitaji kuletwa Lushoto kutoka ng'ambo. Limo katika lugha ya wenyeji, na mwalimu wa kilimo alianzie hapo.

Mwisho, tuna ombi kwa wasomaji. Majina ya wadudu katika Kisambaa, Kipare, Kitaita na lugha nyingine za milima hii hayajakusanywa ipasavyo, hasa ya wale wadogo wasiouma wala kula mazao. Wazee wanaoyajua wangalipo, lakini sumu huwaondoa wadudu, na mdudu asiyeonekana tena shambani jina lake nalo husahauliwa. Mwenye nafasi ya kuyaandika, pamoja na tabia ya kila mdudu kama wenyeji waijuavyo, atakuwa amewafaa wakulima na amelifaa jarida hili.